Dogo wa reting ya AW139, soma hii kabla ya Ijumaa

Usilipe. Sijali wakala kakwambia nini wala kakuonyesha nini, usilipe. Nimesoma uzi wako asubuhi nikiwa nasubiri ukungu uondoke turuke, nikashindwa kukaa kimya, maana maneno anayokupa huyo mtu ndiyo yale yale niliyopewa mimi, na mimi nikalipa.

Kwa ambao hawakuusoma: dogo ana CPL ya helikopta (leseni ya rubani wa kulipwa) kaipata Afrika Kusini, masaa mia mbili na kidogo ya kuruka, karibu yote ya Robinson, vile vichopa vidogo vya kujifunzia, nyumbani wameshauza shamba. Sasa kuna wakala Dar anamwambia atoe hela ya taipu reting ya AW139 mfukoni mwake, yaani kibali kwenye leseni cha kurusha aina hiyo moja ya chopa, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa, eti kuna kampuni ya chopa inayopeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya gesi baharini Msumbiji inamsubiri, akishazoea atahamia upande wa uokoaji. Barua ya hiyo kampuni kaiweka kwenye uzi. Kauliza bei kama ni halali, umri wake, habari ya miwani, na maisha ya Pemba yakoje (Pemba ya Msumbiji wakuu, siyo ya karafuu). Leo naongelea hela, hayo mengine siku nyingine.

Mwaka 2015 mimi nilikuwa wewe. Wakati ule gesi ya Mtwara ilishatuwasha vichwa vyote, gesi ya Zafarani baharini ilivyopatikana 2012 na visima vingine vikafuata, chopa zinatoka uwanja wa Mtwara kwenda kwenye meli za kuchimba, kila kijana mwenye leseni anajiona keshafika. Wakala wangu akaniambia achana na Mtwara, hela iko North Sea, bahari ya mafuta kati ya Uingereza na Norway, na kule basi lao ni chopa ya Super Puma, EC225, abiria 19, ukiwa na reting yake tayari kampuni haina sababu ya kukukataa kwa sababu umeshawapunguzia gharama. Hoja ina sura nzuri kabisa, ndiyo maana inanasa watu wenye akili zao. Ukoo ukachanga, kiwanja cha mama Kigamboni kikaenda, nikaenda Ulaya kwenye simyuleta, nikarudi na muhuri kwenye leseni nikakaa Mbezi nasubiri simu.

Sasa angalia tarehe. 29 Aprili 2016, EC225 inatoka jukwaa la Gullfaks B inarudi Bergen, Norway. Karibu na kisiwa cha Turøy rota kuu, yale mapanga ya juu, ikang'oka nzima, yenyewe ikaenda upande wake na mwili wa chopa ukaanguka. Watu 13, hakupona hata mmoja. Wachunguzi wakaja kukuta ni gia moja ndani ya giaboksi kuu imepasuka kwa uchovu wa chuma, ufa ulikuwa unakua chini ya uso wa chuma ambako fundi akikagua haoni kitu. Na Scotland 2009 watu 16 walishakufa kwenye ndugu yake wa damu, AS332 L2, kwa gia ya sehemu hiyo hiyo. Nieleweke hapa, watu wamekufa na mimi naongelea hela, uzito wake naujua, nabeba abiria kama hao kila siku na nawaza familia zao.

Norway na Uingereza wakazisimamisha. Zuio lilikuja kuondolewa Julai 2017 lakini wafanyakazi wa kwenye rigi walishasema hawapandi tena, na kampuni za mafuta nazo hazikutaka ugomvi na watu wao, zikahamia mashine nyingine. Reting yangu ikabaki muhuri tu.

Lakini hilo la ajali silo linaloniuma zaidi, ajali hakuna aliyeijua. Linaloniuma ni lile ambalo wakala alikuwa ANALIJUA. Mafuta katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, Januari 2016 liko chini ya 30. Rigi zinapaki moja moja. Kampuni ya chopa ya baharini inaishi kwa mkataba wa kampuni ya mafuta, inalipwa ada ya kila mwezi chopa ikae tayari, halafu juu yake malipo ya kila saa ya kuruka. Rigi ikiondoka ada inakatika, lakini kodi ya chopa yenyewe bado inadaiwa, maana nyingi ni za kukodi. CHC, moja ya kampuni kubwa za chopa za baharini, wakakimbilia mahakama ya ufilisi Marekani 5 Mei 2016, hata wiki haijaisha tangu Turøy. PHI, kampuni nyingine ya chopa, wakafuata 2019, na Bristow wenyewe, moja ya majina makubwa kwenye hii kazi, mwaka huo huo 2019, wakatoka kwenye ufilisi mwishoni mwa mwaka, mwaka uliofuata wakaungana na kampuni mwenzao Era. Kwa hiyo huyu mtu aliniuzia reting kipindi ambacho marubani wenye masaa elfu kadhaa ya baharini wanapewa barua za kuachishwa kazi. Angefungua gazeti lolote angeona. Aliona, na hela akachukua.

Nilivyompigia akaniambia nivute subira, soko linapumua. Nikapiga tena akasema yuko kwenye kikao. Baadaye namba haipatikani. Hajawahi kurusha hata tiara yule, kadi yake ya biashara ina picha ya chopa na mashati yana bawa dogo la dhahabu kifuani, anakaa kwenye mgahawa wa hoteli anaagiza juisi ya pasheni anaongea na watoto wa watu kuhusu mamilioni. Mama yangu alimuita mwanangu. Aisee acha tu.

Utasema AW139 siyo Super Puma. Kweli. Mashine nzuri, mimi ndiyo naruka nayo sasa hivi huku Afrika Magharibi, na iko karibu kila mahali penye mafuta. Huyo wako ana afadhali kwenye hilo na ndiyo maana naogopa zaidi, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Ila shida haipo kwenye mashine dogo, ipo kwenye nani anaamua ukae kile kiti. Siyo kampuni ya chopa peke yake. Kampuni ya mafuta inaandika kwenye mkataba rubani awe na uzoefu kiasi gani, msaidizi na kapteni kila mmoja na kiwango chake, halafu inatuma wakaguzi wake wanakaa ofisini wanafungua logibuku (daftari la masaa ya rubani) za watu mmoja mmoja. Kampuni ikikuweka wewe mwenye masaa mia mbili ya Robinson kwenye safari ya mteja wa namna hiyo, mkaguzi akikuta, mkataba uko hatarini. Hiyo reting haibadilishi jumla ya masaa yako hata kidogo, inaongeza ya kuhesabu kwa vidole.

Reting inasema umeonyesha kwamba unajua kuiwasha, kuizima, na injini moja ikifa unafika chini salama. Haisemi umewahi kutua kwenye deki usiku, meli inapanda na kushuka, upepo unakuja umevunjwavunjwa na mnara wa kuchimbia, taa za deki ndiyo kitu pekee unachokiona na baharini kote ni giza. Hicho ndicho mteja anakilipia. Na kingine ambacho wakala hakisemi, reting hizi kwa sheria za Ulaya zinaishi mwaka mmoja, ukitaka iendelee unafanya cheki tena, na kama huna mwajiri hela ya simyuleta na ya mtahini inatoka kwako. Utalipa mara ya pili kulinda ya kwanza, ya tatu kulinda ya pili. Mimi niliacha ikafa.

Kampuni ikikutaka kweli inakulipia yenyewe. Andika hilo ukutani. Inakusainisha mkataba kwanza, inakupeleka kwenye simyuleta kwa hela yake, halafu inakufunga na bondi ya miaka kadhaa kwamba ukiondoka mapema unarudisha. Bondi inakera lakini ndiyo uthibitisho kwamba wameweka hela yao kwako. Mtu anayekwambia lipa wewe kwanza hajaweka kitu.

Mimi nilivyokuja kupata kazi ilikuwa baada ya kuhangaika chini, chata za watalii, kazi za mbugani, kuhesabu wanyama, kubeba watu wa madini, kufundisha wanafunzi kwenye joto la kufa. Siku ya usaili kapteni alichukua logibuku akaifungua kwa nyuma, akashuka na kidole mpaka kwenye jumla, akarudi kurasa chache akaangalia masaa ya usiku na ya kuruka kwa vyombo (kufuata mashine za ndani bila kuona nje), akaniuliza kuhusu kutua kwenye vumbi usipoiona ardhi tunafanyaje, tukaongea hapo muda mrefu. Leseni akaishika akafika ukurasa wenye Super Puma, akageuza. Kiwanja cha Kigamboni kilikuwa pale kwenye ule ukurasa na hakukisimamia hata sekunde. Wiki zilizofuata wakanisainisha, wakanilipia AW139, bondi juu.

Kwa hiyo hiyo hela kama lazima itumike, weka kwenye ukufunzi, ukufunzi unajaza logibuku huku unalipwa japo kidogo, au kwenye reting ya vyombo kwa sababu baharini bila hiyo hawakuangalii. Vinginevyo rudisha benki, shamba lingine linunuliwe.

Uokoaji ndiyo kabisa usiutaje na masaa mia mbili. Angalia Uingereza, Bristow walivyopokea kazi ya uokoaji ya walinzi wa pwani kutoka kwa jeshi la anga na la maji kuanzia Aprili 2015, wengi walioingia kwenye zile chopa walikuwa wanajeshi wale wale waliokuwa wanaifanya. Ile ni kuning'inia juu ya boti usiku kwenye dhoruba, mwenzako yuko kwenye waya chini yako. Ila kwa anayesoma hapa ambaye si rubani na moyo wake uko kwenye kuokoa watu, mule ndani wanakaa wanne, marubani wawili, anayeendesha winchi, na anayeshuka kwenye waya ambaye ni mtu wa huduma ya kwanza ya kitaalamu. Huo mlango wa hospitali na gari la wagonjwa watu hawaufikirii.

Msumbiji kazi ipo, sikatai, ile meli ya gesi ya Coral Sul inauza tangu 2022 na watu wanakwenda na kurudi. Lakini kuwepo kwa kazi na wewe kuipata kupitia huyo bwana ni vitu viwili.

Barua uliyoiweka pale juu nimeisoma yote. Hakuna mshahara. Hakuna tarehe ya kuanza, hakuna kituo, hakuna cheo. Kuna sentensi moja katikati inasema taarifa zako zitahifadhiwa kwa nafasi zitakazojitokeza, hiyo ni barua wanayomjibu kila mtu anayetuma CV, hata fundi bomba akituma anajibiwa hivyo. Kama mimi ni mwongo, fanya hivi: chukua barua pepe ya kampuni kutoka kwenye tovuti yao yenyewe, siyo aliyokupa wakala, waulize maswali mawili tu, huyu mtu mnamfahamu? na masaa ya chini kwa msaidizi wa AW139 kwenye mkataba wenu ni mangapi? Tuma leo. Wasipojibu mpaka Ijumaa, Ijumaa huendi benki. Wakala akikwambia nafasi itachukuliwa na mwenzako, mwambie mwenzako achukue, halafu niletee PM jina la huyo mwenzako nimpigie na yeye.

Na mshirikishe mama yako hiyo barua, msomee yote kwa sauti.