Kamera za mtandao katika maabara ya mwani

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Katika maabara yetu hapa Unguja tunakuza mbegu za mwani ndani ya matangi, na usiku hakuna wa kuyaangalia. Je, kamera za mtandao zitatufaa, na zina hatari gani? — Msomaji, Bububu

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Zitakufaeni, na matumizi hayo si mageni: mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliielekezea kamera mashine yao ya kahawa, wapate kujua kama imo kahawa kabla ya kuinuka vitini.

Waya mmoja wa mtandao waweza kupeleka umeme na kurudisha picha hadi mita 100, basi hamtahitaji soketi karibu na maji ya chumvi. Lakini angalieni rangi. Ncha ya mwani inapoanza kuwa nyeupe, hiyo ni dalili ya ugonjwa, na kamera inayotumia mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho) usiku hutoa picha isiyo na rangi, hivyo dalili hiyo hamtaiona. Washeni taa nyeupe kwa sekunde chache kila inapopigwa picha, na saa za kamera zote zilinganishwe, la sivyo picha hazitaoana na vipimo vya joto la maji.

Hatari kubwa ni kuliacha neno la siri ambalo kamera hutoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka maelfu ya kamera kwa njia hiyo tu. Libadilisheni siku ile ile ya kuzifunga, na kamera ziwe na mtandao wao mbali na kompyuta za data.