Kabla hujafunga begi la rangi, uliza namba

Juzi dada mmoja kaniandikia. Amepata nafasi ya ukaazi wa kisanii ng'ambo, yaani kukaa na kufanya kazi kwenye karakana ya kupuliza kioo, wiki 6, anataka kujua abebe nini. Hongera sana, mdogo wangu. Nimekaa na ujumbe wako siku mbili, maana umenitonesha kidonda.

Mimi nilipopata nafasi kama yako nilibeba kilo 7 za vijiti vya kioo cha rangi. Miaka yote nilikuwa natengeneza shanga kwenye moto wa gesi, rangi zile nikizijua kama vidole vyangu, na nilifika najiona fundi. Tanuri lao liliwaka usiku na mchana, nyuzi zaidi ya 1,100 za Selsiasi, kioo kikivutika kama asali. Nikachovya bomba, nikazungushia mstari wangu mwekundu, nikapuliza. Bakuli likatoka zuri, nakwambia, zuri! Nikalilaza kwenye tanuri la kupoozea, linaloanzia karibu nyuzi 500 na kushuka polepole usiku kucha.

Asubuhi ufa ulikuwa umeufuata ule mstari mwekundu, hatua kwa hatua, kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Nikatengeneza jingine, na jingine. Yalipasuka yote 9, mawili yakiwa mezani tayari, siku tatu baada ya kupoa.

Kumbe kila kioo hutanuka kwenye joto na kusinyaa kikipoa kwa kiasi chake, na kiasi hicho ndicho hutajwa kwa namba. Vijiti vyangu vilikuwa vya namba 104, kioo cha tanuri lao 96. Ukiviunganisha vya moto vinashikana vizuri tu, ila vikipoa kimoja kinasinyaa kuliko mwenzake, vinavutana mpaka kimoja kiachie. Fundi mmoja pale aliviona vijiti vyangu tangu siku ya kwanza, akanyamaza. Aliniambia wiki ya tatu, mbele ya watu. Hilo bado linaniuma.

Basi uliza namba ya kioo chao. Uliza kwa maandishi, wajibu kwa maandishi.

Jambo jingine ni watu. Tangu msanii wa kioo Harvey Littleton aendeshe warsha zake Toledo, Marekani, mwaka 1962, na kuonyesha kuwa tanuri dogo linaweza kukaa kwenye karakana ya msanii, wengi wetu tunaamini msanii wa kioo anajitosheleza. Hajitoshelezi! Mikono yako inazungusha bomba bila kupumzika. Nani atakuletea kioo cha kubandika mguu wa bilauri? Wiki tatu za mwisho niliweka kazi zangu pembeni, nikawafungulia wenzangu mlango wa tanuri, nikawakinga joto kwa ubao, nikafagia vigae vya kioo. Ndipo nao wakaja kwenye benchi langu. Bakuli nililolipeleka kwenye maonyesho ya kufunga lilipita mikononi mwa watu wanne, na mpaka leo ni zima. Najivunia lile bakuli kuliko kazi yoyote niliyofanya peke yangu. Ndugu zangu, tuache kiburi. Fika, salimia, shika ufagio, ndipo uombe zamu ya tanuri.

Na wasipokujibu kuhusu namba, rangi ziache nyumbani. Utanunua hukohuko.