Picha za wanafunzi kwenye tovuti ya wilaya ya shule

Mwalimu, kuweka majina na picha za darasa lako kwenye tovuti ya wilaya ya shule (mamlaka inayosimamia shule za eneo) huko Marekani inawezekana, ila anzia ofisini: omba orodha ya wazazi waliokataa taarifa za watoto wao kutolewa. Sheria ya FERPA ya 1974, inayolinda siri za kumbukumbu za wanafunzi Marekani, inaruhusu jina na picha kutolewa iwapo wilaya iliwatangazia wazazi na kuwapa nafasi ya kukataa. Alama za mtihani hazimo katika ruhusa hiyo. Wengi huteleza hapa: ukutani nyuma ya watoto kumebandikwa matokeo. Kuza picha, kagua kila pembe.

Kila picha iwe na maelezo ya maandishi kwa wasioona. Barua iliyoskaniwa kama picha haisomeki na programu zao za kusoma skrini kwa sauti, ichape upya.

Mzazi akilalamika, iondoe picha kwanza, kisha mwone mwanasheria wa wilaya.