Hesabu Pumzi Kwanza: Majibu ya Daktari Kuhusu Magonjwa ya Kifua

Miezi hii ya baridi imetuletea barua nyingi kuhusu kifua, na nyingi zaidi zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu linaloulizwa humo haliwezi kusubiri.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi minane. Leo ni siku ya tano anakohoa, ana homa, na tangu jana hanyonyi vizuri. Dukani nilipewa dawa ya maji ya kikohozi lakini haijasaidia. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayenisaidia kulea, anasema ni kimeo, na kwamba kijiji cha jirani yupo mzee anayekikata vizuri. Usiku tunalala na jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi. Nifanye nini? (Mama wa mtoto mmoja, Makete)

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako ilipotufikia tulikupigia simu kwa namba uliyoiacha, tukashukuru kusikia kwamba ulikwisha kumpeleka mtoto kituo cha afya, kwamba muuguzi alihesabu pumzi zake akapata 62 kwa dakika moja, na kwamba alianzishiwa dawa ya nimonia siku hiyo hiyo. Jibu hili basi ni kwa ajili ya wazazi wengine walio mahali ulipokuwa wewe wiki iliyopita.

Kikohozi peke yake hakituambii mengi. Mtoto mwenye mafua ya kawaida anaweza kukohoa usiku kucha na asiwe hatarini, na mwenye nimonia anaweza kukohoa kidogo tu huku mapafu yakijaa usaha na majimaji. Kinachotofautisha ni namna anavyopumua. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya, mfunue nguo hadi tumboni, kisha uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano akifikisha 40, huyo anapumua haraka na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tazama pia chini ya mbavu: ngozi ikizama ndani kila anapovuta hewa, ujue anatumia nguvu nyingi kupata pumzi. Na kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea hata haamki vizuri, usihesabu chochote, ondoka naye saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Sasa kuhusu kimeo. Hicho kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kila mtu anacho, na si ugonjwa. Mtoto anapokohoa kwa siku kadhaa koo lote huvimba na kuwa jekundu, na kimeo nacho huonekana kirefu. Ndiyo maana mzee anayemfungua mtoto kinywa kwa nia ya kukitafuta, hukiona. Akikikata, mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, damu hiyo ikamwingia njia ya hewa, au jeraha likapata vijidudu, pamoja na vya pepopunda. Na nimonia, ambayo iko chini kabisa ndani ya mapafu, haijaguswa. Nimewahi kupokea watoto waliochelewa kwa njia hii, nao hufika wakiwa na magonjwa mawili badala ya moja. Hata hivyo, usigombane na mama mkwe wako. Mwite akae nawe, mmfunue mtoto kifua, mhesabu pamoja. Bibi aliyewahi kuziona mwenyewe zile mbavu zikizama hahitaji kuhimizwa, na mara nyingi ndiye hutangulia kufunga kanga.

Dawa ya nimonia isiyo kali kwa mtoto ni vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji kidogo au maziwa ya mama, mara mbili kwa siku, kwa siku tano, na zitimie zote hata kama homa imeshuka siku ya pili. Mwenye dalili za hatari hulazwa, akachomwa sindano na kupewa oksijeni. Dawa za maji za kikohozi hazitibu nimonia, na kwa mtoto mdogo baadhi yake zina madhara. Mafua ya kawaida kwa upande wake husababishwa na virusi, kwa hiyo hayahitaji antibiotiki: anyonyeshwe mara nyingi na pua isafishwe. Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kulambishwa asali kidogo, lakini chini ya umri huo asipewe kamwe.

Jiko la mkaa litoke chumbani leo. Moshi wake huudhoofisha mfumo unaosafisha njia ya hewa ya mtoto, na mkaa uliokwisha kushika moto vizuri, ule usiotoa moshi tena, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Mvalishe kofia na soksi, mlaze kifuani pako, mjifunike blanketi moja. Na chunguza kadi yake ya kliniki: chanjo ya nimokoko, yaani bakteria wanaoleta nimonia, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwanzoni mwa 2013, pamoja na ile ya pentavalenti inayokinga magonjwa matano, hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na aliyekosa hupangiwa upya bila malipo.

SWALI: Kijana wangu wa miaka tisa ana pumu. Hospitali walimpa inhela, lakini majirani wanasema akiizoea hataweza kuishi bila hiyo, kwa hiyo nampa vidonge tu. Ni sahihi? (Baba mzazi, Tanga)

JIBU: Si sahihi, ndugu yangu, ingawa nakuelewa, maana hofu hii naisikia karibu kila wiki. Kidonge cha salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, humezwa, huzunguka mwili mzima, humfanya mtoto atetemeke mikono na moyo umwende mbio, na mapafu huambulia kidogo. Inhela hupeleka kiasi kidogo sana cha dawa pale pale panapobana. Haileti uraibu. Mtoto anayeitumia kila siku anaihitaji kwa sababu pumu yake haijadhibitiwa, na akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, anatakiwa kupewa inhela ya pili, ile ya kuzuia, ambayo hupunguza uvimbe wa ndani na hutumiwa kila siku hata akiwa mzima. Baada ya kuivuta hiyo ya kuzuia, asukutue kinywa.

Tatizo kubwa ninaloliona ni namna ya kuvuta, kwani dawa nyingi huishia kwenye ulimi. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linaloishika inhela barabara, kisha mtoto afumbe midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Akibanwa kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, endelea kumpa hivyo hivyo mkiwa njiani kwenda hospitali. Nyumbani ondoa dawa za mbu za kuwasha, sigara na mende, umpe chandarua badala yake.

SWALI: Nachimba madini Mirerani. Nimekohoa wiki ya nne, jasho la usiku linalowesha shuka, na suruali zimenilegea. Nimemeza antibiotiki za dukani mara mbili, napata nafuu, kisha kinarudi. (Mchimbaji)

JIBU: Acha kununua dawa, kapime makohozi kesho asubuhi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kutafuta kifua kikuu, na wewe unavuta vumbi la mawe linaloumiza mapafu na kuyafanya yashikwe na ugonjwa huo kwa urahisi zaidi. Tena zipo antibiotiki zinazoutuliza kwa siku chache na kuuficha usionekane mapema. Vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali, na upande wenu mna Hospitali ya Kibong'oto, Siha, yenye uzoefu mrefu wa kifua kikuu na mapafu ya wachimbaji. Tiba ya kawaida ni miezi sita. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usishtuke, ni dawa ya rifampisini. Upime pia VVU, na uwataje wote unaolala nao nyumba moja, hasa watoto walio chini ya miaka mitano, kwa sababu nao hupimwa, na wasio na ugonjwa hupewa dawa ya kinga. Mpaka upate majibu, lala chumba chenye madirisha wazi, ufunike kinywa unapokohoa, na usishuke mgodini.