Meza ya chakula Disney World siku ileile

Ndugu, umeuliza kama mtapata meza Disney World, zile bustani za burudani za Florida, Marekani, kesho jioni mkiwa watu 5, na programu inakuonyesha kila mahali kumejaa. Mnaweza kupata.

Kuweka meza hufunguliwa siku 60 kabla, na watu huweka nyingi kuliko wanazohitaji. Lakini migahawa mingi hutoza dola 10 kwa kila mtu asiyefika bila kufuta angalau saa 2 kabla, na hapo ndipo meza zinaporudi sokoni. Mkitaka kula saa 1 usiku, anza kutafuta saa 10 alasiri, kisha rudia kila dakika chache hadi saa 11 na ushee. Tafuta pia jana yake usiku, maana wengi hubadili ratiba wakishafika hotelini.

Tatizo lenu hasa ni hiyo namba 5. Meza za watu 2 na 4 ndizo nyingi. Jaribu meza mbili, ya watu 2 na ya watu 3, kwa wakati uleule, ila msitegemee kukaa pamoja.

Ndani ya My Disney Experience, programu ya simu ya Disney World, kuna orodha ya kusubiri ya wasioweka meza mapema. Washa huduma ya mahali kwenye simu, na muwe karibu na mgahawa, la sivyo itakukatalia. Orodha ikifungwa, muulize mhudumu wa mlangoni kwa upole.

Msisahau migahawa ya hotelini, kama Contemporary au Polynesian: haihitaji tiketi ya kuingia bustani za burudani.