Ngozi ya inchi 14 kwenye dramu ya Premier ya zamani

Mkuu, umeuliza kwa nini ngozi mpya ya inchi 14 inagoma kuingia kwenye ile dramu ya Premier uliyonunua, wakati muuzaji alikuhakikishia saizi ni hiyo. Hajakudanganya. Premier za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifuata vipimo vyao wenyewe, kasha (mwili wa dramu) linazidi kidogo inchi iliyotajwa. Kwa hiyo pete ya ngozi ya leo (duara gumu linaloshika kingo za ngozi) inakwama mdomoni kwa milimita chache tu. Usije ukachukua msasa ukapunguza kasha! Utaharibu sauti na bei.

Ukiagiza nje, taja "pre-international", yaani vipimo hivyo vya zamani, la sivyo utaletewa zilezile zisizoingia. Ngozi za vipimo vya zamani ni adimu na ghali.

Mimi ningeenda kwa fundi wa ngoma. Kama pete za zamani bado unazo (usizitupe hata zikiwa na kutu), aloweke ngozi ya ndama hadi ilainike, aiwambe juu ya pete hiyohiyo, kingo azikunjie ndani. Ikaukie ikiwa juu ya dramu, skrubu zimekazwa kidogo. Ya mbuzi nayo inafaa, ila kwa dramu ya inchi 16 ningechagua ndama.