Akili mnemba: kwa nini ningemshauri kijana wa Masasi aanzie kwenye salfa

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza kompyuta, na yuko Masasi, ajitose moja kwa moja kwenye utafiti wa kuzuia akili mnemba isije kuangamiza binadamu. Mimi nasema asianzie huko.

Hofu hiyo siipuuzi. Mei 2023 wataalamu wazito kama Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio walisaini tamko lililoiweka hatari hiyo sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Ila mitambo yenyewe iko mikononi mwa kampuni chache za nje. Mdogo wako ataishia kusoma makala za wenzake, na huku kwetu madhara yaliyopo tayari hayana mwenyewe.

Mimi niko na wakulima wa korosho kila siku. Msimu wa maua uliopita kijana mmoja aliiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu kuhusu ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikamwambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, akoroge salfa ya unga, dawa ya ugonjwa huo, kwenye maji. Salfa tunayotumia huku hupulizwa kavu kwa mashine, alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mama yake ndiye aliyemnyang'anya ndoo. Kilichonitisha zaidi ni jinsi programu ilivyojibu bila chembe ya shaka.

Huo nao ni usalama. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kuwa GPT-4, akili mnemba ya kampuni ya OpenAI, ilikubali maombi ya hatari kwa urahisi zaidi yakitafsiriwa kwa lugha kama Kizulu kuliko yakiwa kwa Kiingereza. Sasa Kimakonde na Kiyao nani atavipima, kama si watu wa huku?

Mdogo wako akusanye maswali ambayo wakulima wanauliza kweli, ayapitishe kwenye programu hizo, majibu awapelekee maafisa ugani na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wayasahihishe, kisha makosa ayaripoti kwa wenye programu. Akaongee pia na makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima: orodha ya malipo yenye majina, simu na akaunti za wanachama isipigwe picha na kupakiwa kwenye programu eti ipangwe vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, wengi hawajawahi kuisikia.

Kuna watakaosema hatari kubwa ikija, haya hayataizuia. Sawa, lakini hata huko kwa wakubwa kazi ni kupima na kuripoti, na huku sijaona anayeifanya. Aanze na maswali ya viatilifu, orodha yake iwe tayari kabla maua hayajatoka.